Fundi wa Siku Tatu

Kificho alipopata habari kwamba Bi Mwanamwema wa Michenzani yumo edani, na kompyuta aliyoachiwa na marehemu mumewe imekuwa nzito kama jiwe la kusagia, alisema Alhamdulillahi. Kisha akaona haya, akaongeza Innalillahi. Alikuwa mtu wa dini, ila dini yake ilikuwa ikichelewa kidogo kufika.

Kazi yake ilikuwa kutia mfumo endeshi wa pili, ulio mwepesi, kwenye kompyuta nzito za watu. Mfumo wenyewe ni wa bure. Kaushusha mtandaoni, akautia kwenye flashi yenye kamba nyekundu. Kuuweka ni nusu saa, na katika hiyo, sehemu kubwa ni kungoja. Lakini nani atamlipa fundi kwa kungoja? Basi Kificho akifunika skrini kwa kitambaa, akajishika upara kama daktari mwenye habari mbaya, akasema ni siku tatu. Miaka mitano watu walimwamini. Hata yeye mwenyewe, akijitazama kiooni asubuhi, alikuwa karibu kujiamini.

Kwa Bi Mwanamwema kulikuwa na pazia. Mwenye eda haonani na wanaume wa kando, kwa hiyo mjane alikaa chumbani, na wifi yake, Bi Riyama, mwenye miwani minene, akaketi sebuleni ubavuni mwa fundi.

Kificho aliliamkia pazia kwa adabu, akalieleza. Mfumo wa pili ni kama uke wenza: nyumba moja, wake wawili, kila mmoja na chumba chake. Ukiwasha, unaulizwa leo unaingia kwa nani.

"Marehemu hakuthubutu," pazia likajibu. "Kompyuta yake ndiyo itathubutu?"

Bi Riyama akacheka mpaka miwani ikateleza. Akakitwaa kitambaa cha fundi, akaifutia, na hakukirudisha.

Kisha sauti ya nyuma ya pazia ikabadilika. Ndani ya mfumo wa zamani mlikuwa na sauti ya marehemu akisoma Yasini. Alijirekodi mwenyewe, na nyingine haipo duniani. "Hiyo isipotee. Na kwa kuwa sikuoni, kila unachofanya nikisikie."

Hapo ndipo ujanja ulipomponza mwenyewe. Kitambaa hana, akatafuta jengine la kuwashangaza, akachagua maandishi yote yatoke kwa Kiswahili. Alitaka waseme Mashaallah. Walisema. Halafu Bi Riyama akaanza kusoma kila kilichoandikwa, kwa sauti ya mtu anayesoma maulidi.

"Karibu. Endelea."

"Kabonyeza nini?" pazia likamuuliza wifi.

"Kabonyeza Endelea. Na hapa tena, Endelea."

"Ndo kazi yenyewe hiyo?" pazia likauliza.

Kificho akasema ndani yake mna mengi. Ikafika pale ambapo, kwa wateja wengine, yeye hufuta kila kitu, maana ndiyo njia fupi, kisha husingizia virusi. Kidole kikaelekea huko kwa mazoea.

"Hapa pana mawili," Bi Riyama akasoma. "Futa diski yote. Au, Weka kando ya mfumo uliopo. Kidole chake kipo kwenye Futa."

Pazia likakohoa, mara moja. Kificho alikuwa amepigiwa kelele nyingi maishani, na zote angezichukua badala ya kikohozi kile. Akakihamisha kidole.

"Kimeteleza," akasema. "Joto."

"Ehe," pazia likasema. "Joto la leo baya."

Nusu saa haikutimia, kazi ikawa imekwisha, na kila aliyekuwemo alijua imekwisha. Ila Kificho alikuwa na jina la kulinda. Akatamka kwamba mifumo miwili mpaka izoeane, na flashi lazima ibaki hapo siku tatu, kama kungwi na bibi arusi wake. Akashuka ngazi akijipongeza kwa neno hilo la kungwi.

Siku ya tatu akarudi. Sebuleni alikuta sinia zimepangwa, zimefunikwa kawa, kama ambavyo wanawake huja nazo wakimtazama mwenye eda. Akafunua moja akitaraji mkate wa kumimina. Akakuta laptopu. Akafunua ya pili: laptopu. Ya mwisho ilikuwa mapajani mwa Bi Riyama, flashi ya kamba nyekundu imechomekwa, naye akisema "Endelea" kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi yake. Chumbani, sauti ya mwanamume ilikuwa ikisoma Yasini, taratibu.

"Fundi," pazia likaita.

"Naam, bibi."

Bahasha ikapenya chini ya pazia. "Ujira wako, wa nusu saa. Sauti yake nnaisikia kila siku, kwa hilo Mungu akulipe. Kile kidole sikumwambia mtu. Mwenye kumsitiri mwenzake naye husitiriwa. Majirani nimewafanyia bure, sadaka ya marehemu. Lakini mimi sitoki mpaka eda iishe, na wifi yangu ngazi zishamshinda. Sinia hizi nani atazirejesha?"

Kificho akaitazama flashi yake. Akalitazama pazia. Akabeba sinia ya kwanza.

Alishuka na kupanda mpaka alasiri. Milango yote aliyokuwa ameipangia kazi ya siku tatu tatu aliigonga siku hiyo moja. Kwenye mlango wa mwisho, bibi mmoja asiyemjua aliutazama upara wake unavyochuruzika jasho.

"Wewe ndo mchukuzi wa Bi Mwanamwema, yule fundi?"

"Naam," akasema Kificho, akamfunulia kawa.