Meno ya Kupe

Jumatatu, 3 Julai 1978
Mwalimu Theophil amegawa nafasi za ngonjera ya Sabasaba. Tutaghani Ijumaa, viwanja vya Mnazi Mmoja, mbele ya umati. Scholastika: Mkulima. Onesphory: Mfanyakazi. Mimi: Kupe, mnyonyaji wa jasho la wananchi. Nikauliza kwa nini mimi. Mwalimu akanitazama mdomoni, akasema kwa upole kwamba Ignasi hahitaji kupambwa. Darasa zima kicheko. Haya meno! Yanatangulia kuingia chumbani, mimi nafuata.

Yakirudi nyuma kabla ya Ijumaa, nitaomba nibadilishwe.

Jumanne, 4 Julai
Jasvanti wa dawati la mbele ana waya kwenye meno. Alifungwa na baba yake mdogo, Dokta Devendra, mwenye kliniki Posta. Wavulana wanamwita Tazara, kwa sababu ya reli. Nami nilimwita, mara moja. Basi, mara mbili. Lakini meno yake yanarudi! Nimeyachunguza kipindi chote cha Jiografia.

Mjomba Augustino anapiga gitaa bendini. Nimechukua uzi wake mwembamba kuliko wote, nikauzungusha jino kwa jino kwa plaizi. Machozi. Kazi safi kabisa.

Jumatano, 5 Julai
Jasvanti kaona. Kauliza nani kanifunga. Nikamjibu kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza uongo unakuwa kama zoezi la darasani tu: daktari wa Kichina. Akacheka bila kuziba mdomo, mara ya kwanza tangu afungwe. Akanifundisha nisukutue kwa maji ya chumvi, nisiguse muwa. Akasema, "Afadhali sasa tuko wawili."



Nyumbani mjomba anapekua uvunguni. Nyuzi za gitaa hazipatikani mji mzima. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba
Meno hayajarudi. Fizi zimevimba, kwa hiyo yamezidi kutokeza! Jukwaani, nilipofika "jasho lenu ni asali", ncha ya uzi ikafyatuka, ikanichoma mdomo. Damu mpaka kidevuni. Umati ukalipuka: Kupe! Kupe! Bibi mmoja akanitupia ganda la chungwa. Mwalimu Theophil machozi ya furaha. Kasema nafasi hiyo ni yangu mpaka nimalize shule.

Jasvanti peke yake hakushangilia. Alinishika mkono, akanipeleka kwa baba yake mdogo, aliyefungua kliniki siku ya sikukuu kwa ajili yangu. Nikamwamkia shikamoo, damu ikamrukia shatini. Akachomoa uzi, akaunyoosha kwenye mwanga.

"Kijana, huu ni wa gitaa."

Jasvanti alikuwa amenishikia beseni. Akasema polepole, "Kumbe na wewe ulikuwa unanicheka."

Nilitaka kumwambia sivyo. Mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Jumatatu, 10 Julai
Jasvanti kahamia dawati la dirishani. Amerudia kuziba mdomo akicheka. Sababu ni mimi. Siwezi kumtazama, wala yeye hanitazami.

Dokta kaagiza nije na mama, nifungwe waya halisi, taratibu, miaka miwili. Miaka miwili ya kuwa Kupe! Nimefikiri sana. Jasvanti atanisamehe akiona nilikuwa na nia ya kweli, na nia itaonekana meno yakinyooka. Upesi. Kosa lilikuwa uzi tu, ulikuwa mgumu. Nimechomoa mpira wa kiunoni kwenye kaptula ya michezo, nimeufunga vizuri, hauchomi hata kidogo. Kesho kwenye riadha nitaishika kaptula kwa mkono.

Jasvanti akiuliza, nitasema ni tiba mpya kutoka Hungaria.