Posa ya Zuhura

Jumatatu, 5 Machi 1973

Shajara hii nimeiokota kwenye pipa la taka la ofisini. Mpya! Ya mwaka huu huu! Serikali inatupa kitabu kizima halafu inalia haina pesa. Basi nitaandika mimi, maana humu nyumbani nikisema hakuna anayesikiliza. Herufi hizi kanifundisha mwanangu Himid. Mimi chuoni nilifundishwa alifu na be, zikanitosha kupata mume.

Baridi. Treni zimegoma. Kutoka Kingsbury, tunakokaa, nimepanda mabasi mawili, nimefika nimekauka kama samaki wa ng'onda.

Kazi yangu ni toroli la chai, kwenye ofisi ya serikali ya hawa wazungu inayopeleka vyombo kwenye sayari. Himid yuko ghorofa ya tatu ya ofisi hiyo hiyo. Bosi wake, Dokta Pellow, ndiye mwenye safari ya Zuhura, na bajeti ya safari nzima iko mkononi mwa Himid. Mtoto wa mtaa wa Malindi, kisiwani kwetu, huyo! Amenikataza kumwita mwanangu mbele ya wazungu. Nimekubali. Leo nimemwita mara moja tu, tena kwenye ngazi.

Habari mbaya: tarehe 21 kamati inakutana. Pesa inatosha safari moja. Ama Zuhura, ama Mirihi. Zuhura akikosa, mkataba wa Himid unakwisha pamoja na mwezi huu. Miaka saba amekitengeneza kile chombo cha kunusa hewa ya Zuhura. Miaka saba! Mimi kwa miaka saba nilizaa watano, nikazika watatu.

Haitakuwa. Nipo mimi.

Jumatano, 7 Machi

Lila kanitia kichefuchefu. Ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Alifukuzwa Jinja pamoja na Wahindi wenzake wote, akashuka hapa Oktoba na sanduku moja na nguo nyepesi za nchi ya joto. Nani alimpa mablanketi? Mimi. Sasa kapata joto, kapata na ulimi.

Mwanawe Mahendra, aliyekuja kusoma zamani, yuko upande wa Mirihi. Nimekutana naye Lila kwa muuza mboga, Kingsbury Road, ananinadia bamia na mwanawe kwa pamoja. Kasema kwa Kiswahili chake cha dukani kwamba Mirihi iko mzuri, iko na udongo, mtu naweza kanyaga. Zuhura iko moto bure. Nikamwambia Zuhura ni jina la mwali, Mirihi ni nyota ya vita, na vita tumeviona sote wawili, havihitaji kupelekewa chombo.

Akachagua bamia mbili. Halafu: "Lakini dada, mtoto yako iko pole sana. Mtoto pole nakula nini?"

Nimeacha bamia pale pale.

Jumatatu, 12 Machi

Mpango wa kwanza. Watu wa Zuhura: chai ya maziwa, hiliki na tangawizi, ya kumfufua maiti. Watu wa Mirihi: maji ya majani ya jana. Nguvu zitawaisha wenyewe, nikasema.

Dokta Pellow kameza hiliki nzima. Kakohoa mpaka miwani ikaanguka. Wenzake wamekaa asubuhi nzima wakichokonoa meno. Upande wa Mirihi wamenifuata mpaka jikoni kunishukuru, eti mwishowe wamepata chai kama ya mama zao.

Wazungu hawana ulimi.

Alhamisi, 15 Machi

Nimesikia jambo. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Himid alikuwa jikoni anamweleza mkewe Mardhiya, aliyetoka zamu hospitali na viatu bado mguuni. Pesa ya Zuhura ya mwaka huu, robo nzima haijaguswa. Fundi wa vioo kachelewesha kioo cha chombo. Mwaka wa serikali unakwisha tarehe 31. Himid anataka kumlipa fundi na kuagiza vilivyobaki kabla ya hapo, kimya kimya. Watu wa Fedha wakijua kuna masalio watasema watu wa Zuhura hawana haja ya pesa, na kamati itawakata.

Nimeingia nikicheka. Nimemwambia dunia nzima haina mwenye akili anayemwadhibu mwenye akiba. Mke anayerudisha chenji ndiye anayepewa ufunguo wa kasha! Himid kanieleza tena, polepole, kama mimi ndiye Ummukulthum, bintiye wa miaka minane. Serikali hivi, serikali vile. Nikamwambia serikali ngapi nimeziona, tatu, na zote zilipenda pesa.

Kanishika mikono yote miwili. "Mama, nakuomba. Siku ya kamati, mimina chai tu."

Mikono yake baridi kama ya babake.

Ijumaa, 16 Machi

Ghala la Mirihi nimeliona kwa macho yangu nilipofuata ufagio. Viti vipya! Taa za mezani mpaka darini, zote na makaratasi yake! Mtunza ghala kaniambia huwa hivyo kila Machi, wanamaliza pesa wasije wakanyang'anywa. Kwa hiyo mlafi anakula, na mwanangu mwenye haya anaficha akiba yake kama mwizi.

Mficha uchi hazai.

Jumanne, 20 Machi

Nimekaanga visheti mpaka nyumba imejaa moshi. Mardhiya kauliza vya nani. Nimesema vya watu. Ummukulthum kauliza kwa Kizungu kama anaweza kupata kimoja. Nimesema aombe kwa Kiswahili. Hakuomba.

Nimelielewa jambo lote. Kijana hajisifu. Hata kwenye posa, kijana hajipeleki mwenyewe kusema mimi hivi, mimi vile. Atafukuzwa na mbwa. Anakwenda mkubwa wake, na sinia lake, na maneno yake, anamtaja kijana tabia na ukoo. Himid nani wa kumsemea? Dokta Pellow asiyejua hata kumeza hiliki? Kamati ile ni watu wa mwali, mwali ni Zuhura. Kesho nakwenda kuposa.

Ameniomba ninyamaze, najua. Babake naye alikuwa mtu wa kunyamaza. Watu wa bunduki walipomjia dukani mwaka ule wa mapinduzi, wakamuuliza ana nini, aliinamisha kichwa tu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimemziba Himid mdomo, kijana mzima aliyekuja likizo ya masomo, na wangu nimeuziba mwenyewe. Wakaondoka naye. Mpaka leo sijui kaburi lake.

Tangu hapo sinyamazi.

Jumatano, 21 Machi

Nimefanya!

Chumba kikubwa, meza ndefu, mvua dirishani. Himid na Dokta Pellow upande huu, Mahendra na bosi wake upande ule. Mwisho wa meza, Bwana wa Fedha, mwembamba, shingo ya mbuni. Nimevaa baibui langu jipya juu ya sare. Nimemimina chai. Nimetembeza visheti. Bwana wa Fedha kala viwili! Nikaona ndiyo saa.

Nimesimama mbele yao na toroli langu. Kizungu changu ni cha kazini lakini kinatosha. Nimewaambia huyu Himid ni mwanangu. Nimewataja babake na babu yake, watu wa haki, mizani yao haikuwahi kupinda. Nimewaambia hanywi, hachezi kamari, na mkewe hajapata kumlalamikia. Halafu nikawatolea lulu yenyewe: nyinyi mnalia hamna pesa, na mwanangu robo nzima ya pesa ya mwaka hajaigusa! Ipo! Hata senti haikuliwa!

Kalamu zote zikasimama. Nikajua yamewaingia.

Bwana wa Fedha kaweka kisheti chini. Kauliza taratibu: robo nzima? Nimesema robo nzima, wallahi. Dokta Pellow kafumba macho, kwa furaha nilidhani. Himid hakunitazama. Alikuwa anaitazama kalamu yake kama ina nyoka.

Mahendra peke yake alitabasamu. Kidogo tu, pembeni ya mdomo. Ningeweza kusamehe, lakini nilimwona Lila mzima kwenye tabasamu lile. Nikageuka. Nikasema ama hawa wa Mirihi wao wamekula mpaka sufuria, na kama hamsadiki, teremkeni ghalani mkahesabu taa.

Tabasamu likaanguka.

Bwana wa Fedha kasimama na kuomba ufunguo wa ghala. Kabla ya kutoka kanishukuru. Mimi! Kwa jina!

Himid kapanda basi lililotangulia. Nadhani hakuniona kituoni.

Ijumaa, 23 Machi

Wamezikata zote mbili.

Zuhura, kwa kuwa aliomba pesa asiyoihitaji. Mirihi, kwa kuwa walipewa pesa wakaifuja. Hakuna atakayekwenda popote. Dokta Pellow kamwambia Himid kwamba sayari hazingojei mtu. Njia ya kuziendea ikifungwa, ni kungoja mpaka ifunguke tena, na ikifunguka hakuna anayejua nani atakuwa na pesa. Himid katuambia hayo kwenye chakula, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya vitunguu.

Mardhiya kaweka kijiko chini, kaenda kuoga. Maji yalikwenda muda mrefu sana.

Nimewaambia wale wazungu ni majuha, kumkata mwenye akiba pamoja na mlafi! Himid kasema, "Ndiyo, mama." Basi. Ningependa angenipigia kelele. Babake pia hakujua kupiga kelele.

Jumatano, 28 Machi

Leo nimetumwa kupangusa rafu za ghalani. Viti vimechukuliwa, taa zimechukuliwa. Pale zilipokuwa wamekiweka chombo cha Himid, ndani ya boksi lililo wazi. Sijapata kukiona karibu. Kikubwa kiasi cha sufuria ya wali wa watu sita. Kimezungushiwa dhahabu nyembamba kama karatasi ya peremende, na mbele kina tundu la duara, tupu, la kile kioo kilichochelewa.

Nimekipangusa. Nilikipangusa kwa muda. Halafu nimekifunika kanga yangu, maana ghala lile lina unyevu na mlango wake hauna komeo.

Usiku Ummukulthum kamuuliza babake kwa Kizungu mbona Zuhura haonekani siku hizi. Himid kamjibu kwa Kiswahili, kasema yuko nyuma ya jua. Mtoto kauliza kama atarudi. Himid kasema yeye atarudi.

Jumapili, 1 Aprili

Lila kabisha hodi. Nikajitayarisha. Nilikuwa na maneno mazima mazima, ya kumjibu kila tusi na nyongeza juu yake.

Hakutukana. Kanipa mablanketi yangu. Kayafua, kayapiga pasi, kayakunja pembe kwa pembe. Akavuka barabara na sweta lake jembamba, hakugeuka.

Nimeyahesabu. Yote yapo. Angalau ana adabu.

Jumanne, 10 Aprili

Himid kapata kazi Hayes, karibu na uwanja wa ndege, kwenye ghala la mizigo. Zamu ya usiku. Wako watatu: Himid, Shaame wa Pemba, na yule Mahendra, naye kakosa kazi Mirihi ilipokatwa. Mahendra ndiye aliyemtafutia. Mnaona? Mlafi naye ana kazi moja nzuri. Wanakaa watatu juu ya maboksi wanakula chevda ya Lila, ile ya dengu na pilipili. Lila anapika ya kutosha watatu. Mimi hanisalimu.

Himid anarudi alfajiri, mgongo umepinda, mikono imechubuka. Mikono iliyokuwa inashika vioo! Anakula, analala, hasemi.

Leo nimesikia jambo. Nilikuwa nyuma ya mlango.

Kamwambia Mardhiya kwamba kazi yenyewe si mbaya, ila mizigo imepungua. Kabla hata ya saa nane ya usiku wamemaliza, wanakaa mpaka asubuhi. Msimamizi haji usiku, hajui. Ni bora asijue, kasema. Mahendra ana mama, Shaame ana watoto Pemba anaowapelekea pesa.

Asijue! Mwanangu anamaliza kazi ya watu watatu kwa nusu usiku, halafu anaficha! Haya ile ile! Anangoja nini, waje wamkute kichwa chini tena?

Nimemwuliza dereva wa basi la Hayes. Msimamizi yupo kila Alhamisi mchana. Baibui nimelipiga pasi. Nitamwambia wazi, kwa Kizungu changu cha kazini: Bwana, ukiwa na mwanangu Himid, hao wengine huna haja nao.

Nitarekebisha kosa moja tu la safari ile. Visheti vilikuwa vichache.

Naandika mbio, mafuta yashachemka.