Meza ya Mzee Omwenga Yenye Mguu Mmoja

Jamani, leo mwenzenu nimepatikana. Nawaandikia nyote mnaofundisha huko Nyamira barua hii moja, mpitishiane, kabla Nyakundi hajawafikia na maneno yake. Shati nililovaa sasa ni la kuazima. Langu limelowekwa, lina mchuzi wa kuku mpaka kwenye kola.

Nilialikwa Birongo, kwa kina Kemunto. Ndiyo, yule muuguzi. Baba yake, Mzee Omwenga, ni seremala, na leo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama usoni. Nikavaa suruali mpya ya bugaluu. Nikamchukua Nyakundi, mwalimu mwenzangu hapa Keumbu, anisindikize.

Kosa la kwanza hilo.

Njiani Nyakundi akaniambia, "Unajua huyo mzee hupima wakwe kwa viti?"

"Anawapima vipi?"

"Aliyemchumbia dada yake Kemunto alisimama kusalimia. Kuketi tena, kiti hakipo! Akajikuta sakafuni. Mzee akasema mtu asiyejua anapokaa hataoa kwake."

Nikacheka. Lakini kutoka hapo nikawa natembea nikifikiri. (Mnanijua. Mimi hata daraja nalijaribu kwa mguu mmoja kwanza.)

Tukafika. Lo, ile sebule! Hakuna kiti hata kimoja chenye miguu minne. Kimoja kilikuwa kama ganda la yai lililokatwa katikati. Kingine kilikuwa cha kamba za nailoni zilizofumwa kwenye chuma kilichopindwa. Na katikati, meza. Ya mviringo, juu formika ya kijani, chini mguu mmoja tu, bomba nene la chuma. Kutoka kwenye mguu huo yametokeza mabomba manne, na kila bomba limebeba kiti kidogo cha duara kwenye ncha yake. Meza na viti vyake, kitu kimoja.

"Nimeibuni mwenyewe," Mzee akasema, penseli sikioni. "Wageni walikuwa wananikwaruzia sakafu kwa kuvuta viti. Hivi havivutiki. Haya, tukae wote pamoja."

Pamoja? Kwa nini pamoja? Nikamtazama Nyakundi. Nyakundi akatazama dari.

Tukaketi: Mzee, ndugu yake mdogo, Nyakundi na mimi. Kiti kikashuka kidogo, kikapanda kidogo, kikatulia. Mimi nikatulia nusu. Nikapapasa chini yake nikitafuta bawaba, kamba, chochote. Nikapata gundi.

"Umepoteza kitu, Mwalimu?"

"Hapana, Mzee. Naisifu kazi."

Kemunto na mama yake wakaleta chakula: ugali wa wimbi, kuku wa mchuzi, mboga za chinsaga, na jagi la maziwa mala. Mama akasimama kando ya mlango, macho chini, kama inavyompasa mama mbele ya mkwe. Ndipo Mzee akasema:

"Tusimame tuombe."

Hapo! Mtego wote nikauona. Nisimame, nifumbe macho, kiti kiondoke. Nikajiambia, mzee huyu hanipati. Wakishafumba macho nani ataniona? Nikainamisha kichwa, nikainua mabega kidogo nifanane na mtu aliyesimama, nikabaki pale pale nimeshika bomba kwa mikono miwili.

Wakasimama wote watatu.

"Ee Baba," Mzee akaanza, "tunakushukuru kwa mgeni huyu. Umfikishie chakula hiki..."

Chakula kikaanza kunifikia.

Kwanza jagi. Nikaliona linanijia polepole, nikadhani ni macho yangu. Kisha bakuli la kuku. Kisha meza yote ikainuka upande wa pili, nami nikashuka, nikashuka, mpaka mgongo ukagonga sakafu, miguu juu, ugali kifuani. Wa moto! Nikapiga yowe lisilokuwamo katika sala yoyote. Soli za viatu vyangu zikawa zinamtazama Mama Kemunto. (Ya kulia ina tundu. Nimeliziba kwa boksi la chaki.)

Macho yote yakafumbuka.

"Mwalimu," Mzee akasema, "kwenu hamsimami mkiomba?"

Ningenyamaza, angeniona mtu asiyemjua Mungu. Nikasema kweli, nikiwa hapo hapo chini.

"Nilikishuku kiti, Mzee."

"Kiti changu?"

"Nilisikia unapima wakwe. Kwamba mtu akisimama, kiti kinaondoka."

Mzee akamtazama ndugu yake. Ndugu yake akamtazama Nyakundi. Nyakundi akasema yeye alisikia tu sokoni. Mama Kemunto akaziba mdomo kwa ncha ya leso, akakimbilia jikoni, na kicheko kikatufikia kutoka huko, kirefu, kinakatika na kuanza upya. Kemunto akaniletea beseni na kitambaa.

"Sasa unaweza kusimama," akasema.

Nikajua posa imekwisha. Lakini Mzee alikuwa amepiga magoti, anauchunguza ule mguu wa meza kama daktari.

"Una kilo ngapi?" akauliza. "Sisi hapa husimama pamoja. Sikujua mmoja akibaki itafanya hivi. Hebu kaa tena."

"Mzee?"

"Kaa. Nataka nione inapoanzia."

Nikapewa shati lake, nikaangushwa mara mbili zaidi. Mara ya kwanza ndugu yake alitangulia kusimama, mara ya pili Nyakundi. (Nyakundi alisimama kwa furaha nyingi mno.) Majirani wakajaa mlangoni. Bibi mmoja akauliza kama ninatibiwa. Mzee akaandika hesabu zake juu ya formika, kisha akanipa mkono.

"Jumapili ijayo uje na wazee wenu. Nitakuwa nimeufunga mguu kwa saruji."

Nimekubaliwa, jamani! Ila naomba asicheke mtu. Na nyinyi ambao hamjaoa, sikieni: ukweni watu wakisimama, simama. Sababu utaiuliza mkiwa njiani.