Dubwi Lisilo na Leseni

Jumatatu, 2 Septemba

Umaskini basi! Dubwi limeingia grosari kwangu. Mashine ya kamari, ina taa za kila rangi. Unatumbukiza sarafu, matunda yanazunguka, sarafu zinabaki humohumo. Kaileta Ashrafu wa Dar, mwenye simu tatu. Nimemwuliza leseni iko wapi. Kasema inakuja. Nikaridhika. Dubwi jingine hapa Ikwiriri liko kwenye baa ya Shivji, ng'ambo ya barabara, naye leseni kaitia fremu, kaitundika ukutani karibu na picha ya marehemu baba yake. Majivuno matupu.

Bi Jena, mwenye chumba, kapita. Kaniambia serikali ikija kufunga mlango wake kwa ajili ya hilo dude, mie na vitu vyangu nje siku hiyohiyo. Miaka tisa nipo humu! Na mke wangu Hadija anapika wali wa kuuza barazani hapahapa, ndio unaotulisha. Niliogopa kidogo. Kisha nikasahau.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda kumpeleleza Shivji. Nimeagiza soda moja, nikaikalia saa mbili. Sikuelewa kitu. Mashine kaificha ndani kabisa, watoto wasiione. Juu yake bango: chini ya miaka kumi na nane marufuku, cheza kwa kiasi. Mzee Mohamedi, muuza ufuta, kacheza, kaliwa hela. Kacheza tena, kaliwa tena. Shivji kamfuata, kamwambia leo basi, mzee wangu, nenda nyumbani ukale. Kha! Kamfukuza mteja! Tena anayeliwa! Biashara gani hiyo?

Nikamvuta Mzee Mohamedi kwangu. Kacheza mpaka jua limezama, kaondoka hana hata nauli. Hadija kampa sahani ya wali bure, kisha mie kaninyima changu. Sijui nimemkosea nini.

Jumatano, 4 Septemba

Shivji kaja mwenyewe, tena kwa upole, jambo lililonitia shaka. Kasema mkaguzi wa michezo ya kubahatisha yuko Kibiti, kesho yuko hapa. Kanishauri nimpigie Ashrafu alete leseni, au aje achukue mashine yake. Ahaa! Anataka abaki peke yake. Mie si mtoto wa jana! Nimempigia Ashrafu hata hivyo. Simu zote tatu hazipatikani. Labda Dar umeme umekatika.

Hadija kasema tumwambie mkaguzi ukweli. Makubwa haya! Mpango wangu ni bora: kesho mchana mashine inahamia kwa shemeji yangu Sikujua, kaka yake Hadija, anayekaa jirani na msikiti. Bajaji sitaki, madereva wana midomo. Tutailaza kwenye kitanda cha kamba, tuifunike shuka jeupe, tuibebe mabegani. Nani atajua?

Alhamisi, 5 Septemba

Lahaula! Sijui nianzie wapi.

Tumetoka saa sita na nusu: mie, Sikujua na wapagazi wawili wa magunia ya mpunga. Hatujafika hata kona ya kwanza, fundi redio kazima redio zake zote. Mwingine kaegesha baiskeli, kaja kushika mguu wa kitanda. Kaja wa tatu. Kaja wa kumi. Kubeba jeneza kuna thawabu, nani ataiacha ipite? Wamenipokonya! Kila nikisema hapana, wananipa pole, wanasema mfiwa asijichoshe. Kitanda kinapita bega kwa bega, mie nyuma nakimbia.

Bwana mmoja mgeni, wa shati jeupe, kashika mbele kwa moyo kweli. Kaniuliza marehemu aliugua siku nyingi? Nikasema tangu Jumatatu. Kauliza mbona mpana hivi? Nikasema alikuwa mnene. Kauliza mbona analia sarafu kila hatua? Nikasema alikuwa mfanyabiashara.

Nyumba ya Sikujua wameipita hivihivi. Kitanda wamekitua uwanja wa msikiti, watu wametoka kuswali adhuhuri, safu zikajipanga. Imamu kaniuliza marehemu mwanamume au mwanamke, apate kujua asimame wapi. Nikajitia kunyoosha shuka. Karudia. Nikasema sijui. Safu zote zimenigeukia. Bwana wa shati jeupe kainama, kafunua pembe ya shuka.

Kumbe ndiye mkaguzi.

Ijumaa, 6 Septemba

Mashine imechukuliwa. Nikadhani na mlango unafungwa. Nimelia, wallahi, mbele za watu. Shivji ndiye aliyeniombea msamaha! Bado natafuta hila yake iko wapi.

Mkaguzi, huku anajikanda bega, kaniachia mara hii. Kanikalisha, kanieleza taratibu, mara tatu: leseni iombwe, mashine isajiliwe, ibandikwe namba yake, ndipo iwashwe. Kabla ya hapo hata taa isiwake. Kanipa fomu. Jumatatu anapita tena. Akikuta mashine haina leseni, anafunga grosari. Bi Jena kasikia kila neno. Kasema Jumatatu na yeye atakuwepo.

Nimewaitikia wote ndiyo. Fomu ina nembo nzuri sana.

Jumapili, 8 Septemba

Mambo yamekaa sawa! Ashrafu kapatikana, kaleta mashine nyingine, kubwa kuliko ile. Safari hii sifichi kitu, iko mlangoni, taa zote zinawaka. Fomu nimeipeleka stesheneri, wameipiga laminesheni ingali safi, kalamu haijaigusa. Nimeitundika kwenye fremu kubwa kuliko ya Shivji. Nembo inaonekana toka barabarani.

Hadija kaitazama muda mrefu. Kisha kaosha masufuria yake, kayapanga kwenye beseni, kavuka nayo barabara. Kasema Shivji kampa nafasi barazani kwake. Nimemwuliza mbona leo, na kesho tuna wageni wakubwa? Kaniambia ndiyo maana. Sielewi hata kidogo.

Nimempigia mkaguzi simu, nikamsihi asichelewe.