Meza ya Kumkomesha Mwewe

Jumatatu, 3 Machi

Paja la kuku limekwenda tena. Mimi ndiyo kwanza nanawa, yeye ameshatua! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko kwetu tangu upepo uezue paa lake. Huruma ninayo. Ila huruma ni ya paa, si ya paja. Meza yetu ni nyembamba na yeye ana mikono kama ngazi ya fundi umeme. Humu kwenye shajara namwita Mwewe. Usoni namwita shemeji, kwa heshima zote.

Leo mke wangu katangaza kuwa mama yake anakuja kula nasi Jumapili. Mama mkwe! Alipokuja mara ya mwisho, Mwewe ndiye aliyempakulia. Akampa paja, akajipa la pili, mimi mwenye nyumba nikabaki na shingo. Mama mkwe akaitazama ile shingo, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kwa upole kama siku hizi saa za watu haziharibiki. Mimi ni fundi saa. Nilielewa.

Jumapili hii nampakulia mimi. Kwa mkono wangu. Watoto wakiona.

Jumanne, 4 Machi

Nimeokoka! Binti yangu kaja na hesabu zake za shule, anauliza nusukipenyo ni nini. Nikamwambia ni umbali wa kutoka katikati ya duara hadi ukingoni, na kwamba ndicho kinachomlisha. Mshale wa saa ukizidi nusukipenyo cha uso wa saa, unakwama ukingoni. Ukipungua, haufiki kwenye tarakimu.

Haufiki.

Penseli ikanidondoka. Meza ya duara! Bakuli katikati, na nusukipenyo kirefu kuliko mkono wa Mwewe. Usawa mtupu, hakuna anayefika. Isipokuwa mimi, nitakayekuwa na upawa wa mpini mrefu.

Binti akauliza nacheka nini. Nikamwambia hesabu ni tamu.

Jumatano, 5 Machi

Nimempima Mwewe. Alikuwa amejilaza kwenye kochi baada ya chakula, mkono unaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikachukua futi ya cherehani, begani hadi ncha ya kidole. Akafumbua jicho moja. Nikasema nataka kumshonea shati.

Sasa nyumba nzima inajua. Mke wangu kalengwa na machozi, kasema siku zote alijua nampenda kaka yake. Na Mwewe keshachagua kitambaa. Cha bei!

Jioni kwa seremala. Nikampa uzi wenye urefu wa mkono wa Mwewe na shubiri moja juu yake, nikamwambia hicho ni nusukipenyo, si upana wote. Akaunyoosha, akauliza kama nimefungua hoteli. Akashauri aje aone chumba kwanza. Nimekasirika! Mtu ninayeshughulika na skurubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha nifundishwe kupima?

Upawa nimeupeleka kwa fundi bati aurefushe mpini.

Ijumaa, 7 Machi

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Asicheke mtu.

Meza ilikuwa tayari. Seremala akataka tukodi mkokoteni. Nikakataa, kitu cha duara hujibeba chenyewe. Nikamwita Mwewe anisaidie, maana mwenye nguvu nyumbani ni yeye, ndiyo uonevu wenyewe. Miguu ya meza akaitia begani, ubao tukausimamisha, tukauviringisha vizuri kabisa mpaka pale barabara inapoteremka, karibu na duka la dawa. Hapo ubao ukatuacha.

Nikaukimbilia mbele ili niusimamishe. Ukanipitia.

Mwewe hakukimbia. Alinyoosha mkono tu, akaudaka ukingoni ukiwa unaingia saluni. Watu wakapiga makofi. Wakampigia yeye! Mimi nimelala chini, hata kandambili hakuna aliyeniokotea.

Jumamosi, 8 Machi

Jana daktari, binti mdogo tu, aliniambia nimevunjika rediasi. Nikamwambia hiyo ni nusukipenyo kwa Kiingereza, na mimi sikuja kwa ajili ya hesabu. Akasema ndilo jina la mfupa, ule unaotoka kiwikoni hadi kifundoni upande wa dole gumba, na ndilo neno lile lile la duara: zamani kiliitwa hivyo kila kijiti kinachotoka kwenye kitovu cha gurudumu hadi ukingoni, na mfupa ukapewa jina kwa kufanana nacho. Kazi yake, kasema, ni kuzunguka ili uweze kugeuza kiganja juu na kupokea kitu. Kisha akanifunga plasta hadi juu ya kiwiko.

Nauliza: majina yamekwisha duniani? Kitu kile kile kiwe kwenye daftari la mtoto, kiwe kwenye meza, halafu kiwe ndani ya mkono wangu, tena kimevunjika?

Mke wangu kauliza meza kubwa hivi ya nini. Nimesema ni ya kutuweka sawa. Mwewe kawaambia watoto ni wazo zuri sana. Hana hata chembe ya shaka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko plasta.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika. Meza imejaa chumba kizima, viti vimegusa ukuta, na ukishakaa umekaa. Kitindamimba wetu anatokea chini ya meza.

Bakuli likatua katikati. Mke wangu akanyoosha mkono, hakufika. Mama mkwe hakufika. Mwewe akanyoosha, vidole vikakoma shubiri moja kabla. Moyo wangu!

Halafu akainama.

Kiuno! Nilipima mkono, sikupima kiuno! Kifua kikalala mezani na mtu akafika bila jasho. Nikaunyakua upawa kwa mkono wa kushoto, nikapiga jagi la maji, upawa ukanitoka, ukaishia mbele yake.

Akauokota, akautazama ule mpini. "Kumbe shemeji ulifikiria kila kitu," akasema.

Akampakulia mama yake. Akapakulia watoto, akampakulia dada yake, wala hakuinuka kitini. Amevaa shati jipya, mikono imemkaa sawasawa, najua kwa nini. Likabaki paja moja. Akaliangalia. Mimi nikaangalia ukuta. Akaninyooshea mimi.

Nikataka kupokea. Kiganja kikagoma kugeuka. Basi akalichambua, akanilisha kipande kipande kutoka ng'ambo ya meza, kwa upawa wangu mwenyewe, watoto wanatazama.

Mama mkwe akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Baba," akaniambia, "kumtengenezea shemejio meza ya kumtosha mikono yake. Hata mimi niliyemzaa sikuwahi kuliwaza hilo." Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia mambo ya paa asiyafanyie haraka, hapa yuko kwa ndugu.

Nilitafuna. Paja lilikuwa tamu, sitasema uongo.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi fundi wa paa kapiga simu, kazi imekwisha. Mwewe kamjibu hakuna haraka. Hakuna haraka!

Nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimeliona. Kosa ni duara. Duara lina katikati, na katikati ndiyo iliyoniponza. Meza inayofaa ni ya pembetatu. Pembetatu haina nusukipenyo. Binti yangu kasema duara linaweza kuchorwa kupitia pembe zake zote tatu, na duara hilo lina nusukipenyo. Nimemtuma akaoshe vyombo.

Seremala atakuja Jumatano. Kona kali itamwelekea Mwewe. Safari hii sibahatishi, kiuno chake nitakipima kwanza. Nimeshamwambia namshonea suruali.