Kambare Wangu Hawatengani

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi amenipa beseni la vifaranga vya kambare niwalee. Wadogo kama punje za mchele, na tayari wana masharubu! Sijawahi kuwa na wenzangu wengi hivi. Shangazi hushinda kwenye matangi yake, Mama anafanya kazi mbali. Nimempigia simu. Amesema wakikua atakuja kuwaona. Basi watakua. Wote!

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi ametuagiza tuwachambue: wakubwa beseni lao, wadogo lao, maana kambare hajui undugu, akimzidi mwenzake kidogo tu anammeza. Binamu yangu, ambaye naye alipewa beseni lake, amechambua wake mara moja, kiherehere. Mimi nimeitikia vizuri, kisha nikawaacha. Kutenga ndugu! Mtu akishiba hagombani. Nimewamwagia chakula cha wiki nzima. Akili ni mali.

Ijumaa, 7 Machi
Maji yamechacha. Yananuka! Binamu amepita ameziba pua, akauliza kama nafuga samaki au napika supu. Nimebadilisha maji peke yangu. Shangazi aliuliza kama nimewachambua. Nimejibu kwamba nimewachambua kwa tabia, na wote wana tabia njema.

Jumanne, 11 Machi
Mmoja amenenepa ajabu. Nimemwita Kaka Mkubwa. Leo nimeona mkia wa mdogo wake ukichungulia mdomoni mwake. Tulifundishwa shuleni kuwa wapo samaki wanaobeba watoto mdomoni. Upendo ulioje! Nilitaka kumsimulia mtu. Hakukuwa na mtu.

Jumapili, 16 Machi
Amebaki Kaka Mkubwa tu. Binamu ameniambia hongera, nimefuga mlafi. Shangazi hakunigombeza. Ameniita mwanangu, akasema kambare hutengwa ili aishi, si kwamba hapendwi. Kisha akarudi kwenye matangi.

Mama amepiga simu, akauliza vifaranga wanaendeleaje. Nimesema wamekua. Sikusema wangapi. Amefurahi, atakuja mwisho wa mwezi!

Nimekaa kando ya beseni. Kaka Mkubwa anazunguka, anapapasa ukuta kwa masharubu, anazunguka tena. Naijua hali hiyo. Mama hawezi kumkuta hivi. Kesho, Shangazi akiwa kazini, nitachota wadogo wachache kwenye beseni la Binamu nimletee wenzake. Nitachagua wale wapole kabisa.

Naye sasa ameshashiba.