Mlango wa Bluu wa Nyumba ya Tisa

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kumi na moja. Mlango bado umefungwa!

Niandike vizuri nisije nikasahau. Gemu inaitwa Nyumba ya Tisa, inachezwa kwenye simu. Msichana anarudi nyumbani, anakuta mamake hayupo, anaenda nyumba hadi nyumba akiuliza majirani. Nyumba ya tisa ina mlango wa bluu. Haufunguki. Wachezaji wote wamekata tamaa. Mimi? Leo nimeugonga kwa mbele, kwa kinyumenyume, kwa kurukaruka, na nikiwa nimebeba kuku. Kuku ametoroka. Mlango, wapi!

Lakini ukisimama karibu unasikia maji. Kama ndani hamna kitu, nani alihangaika kuweka sauti?

Dada yangu Wanjira, niliyeanza naye gemu hii, amepiga simu kutoka Mutuini kuuliza nimefika wapi. Nyuma yake nikamsikia mumewe, Kitavi, akicheka. Kitavi anafuga ng'ombe wa maziwa na hajawahi kucheza gemu yoyote. Halafu anacheka!

Alhamisi, 5 Juni

Bahati ya ajabu! Kazi yangu ni kuchapisha mabango River Road. Leo mashine imetoa nini? Stika za Nyumba ya Tisa! Mwenye gemu ana ofisi jengo la pili kutoka letu, ghorofa ya tatu. Kumbe siku zote tunanunua chai kwa mama yuleyule!

Mpango: kesho nitajifanya mjumbe. Nipeleke stika, nipeleleze. Nimeandaa kofia na miwani ya jua.

Ijumaa, 6 Juni

Mpango ulienda vizuri kwa dakika mbili. Mwenye gemu anaitwa Harleen, mama wa makamo, mpole, penseli nywelani. Alipoinama kuangalia stika, nikapiga picha mchoro wa mlango uliobandikwa ukutani. Taa ya simu ikamulika chumba kizima.

"Si ungeomba tu," akasema.

Nikavua miwani, nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema hakuna kitu. Ni ukuta. Alichora mlango kwa sababu upande ule ulionekana mtupu. Na maji je? Eti mvua ilinyesha siku aliyorekodi sauti. Mvua!

Nilimwambia siamini. Hakukasirika. Alivuta kiti akauliza mimi nadhani kuna nini. Nikakataa kusema, asije akaniibia. Akasema kesho mchana anaita wachezaji ofisini: kila mtu dakika moja, aseme mlango uwe na nini. Wazo litakalomgusa ataliweka ndani ya gemu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mama yetu alifariki mwaka juzi. Wanjira hucheza gemu hii polepole sana, kama hataki ifike mwisho. Nataka mlango ule niufungue mimi, halafu nimpigie simu.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu. Nilikwenda na kurasa kumi na mbili. Dakika iliisha nikiwa bado nasimulia habari za babu wa jirani wa kwanza.

Wanjira alikuja. Kitavi alikuja pia, kumbebea mwavuli. Harleen, kwa adabu tu, akamuuliza naye anaonaje.

"Si mamake anaoga?" Kitavi akasema. "Maji yanasikika. Msichana anazunguka kila mahali akimtafuta, na mama yuko hapo tu, anaoga."

Watu wakacheka. Harleen akachomoa penseli nywelani akaandika. Wanjira akamshika mumewe mkono, akatazama dirishani kwa muda. Mimi macho yaliniwasha. Vumbi la River Road ni baya sana.

Nilimwambia Kitavi kwamba wazo lake ni la kawaida. Akajibu, "Ni kweli shemeji, ni la kawaida tu." Mtu hata hawezi kugombana naye!

Jumamosi, 28 Juni

Gemu imeongezwa mambo mapya. Wanjira amekuja kwangu Kangemi ili tucheze pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kugonga mimi. Sijui kilichonipata, nikampa yeye simu.

Akagonga. "Ngoja, navaa," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani. Sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekatizwa akioga. Wanjira akacheka huku machozi yanamtoka. Akagonga tena. Na tena. Mara ya tisa sauti ikafoka: "Nimesema navaa!"

Kama Mama kabisa. Tulisahau chai, ikapoa.

Jina la Kitavi limo kwenye orodha ya shukrani. La kwanza. Langu halimo. Nimeisoma orodha mara nne.

Jumatatu, 30 Juni

Nimegundua kitu! Mlango wa bluu ukifunguka hatimaye, mama wa msichana anatoka bafuni na kupita karibu na kabati dogo la kona. Halifunguki! Nimeligonga mara arobaini. Na kila mara anapopita, anaongeza mwendo. Kwa nini aharakishe?

Nimempigia Wanjira. Ameniambia niende kwa Harleen nimuulize kama mtu mzima. Nimemwahidi nitaenda. Ovaroli ya fundi wa stima nimeshaazima.